Chumvi, Rovu na Mtoto Aliye Tumboni

Sisi watu wa Uvira na wa pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hatuna desturi ya kufikiri sana juu ya chumvi. Twaichota kwa kijiko, twaitia katika sombe na katika ndagala, basi yamekwisha. Lakini wazee wetu waliifikiri sana, maana kwao chumvi ilikuwa mali. Watu walisafiri siku nyingi kuitafuta, wakaibadili kwa majembe, kwa nguo na kwa mbuzi. Yafaa basi tuanze na chumvi hiyo ya zamani, kwa sababu habari tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu, habari ya rovu na ya mtoto aliye tumboni mwa mama yake, yaanza na chumvi na yaishia katika chumvi.

Chumvi ya Uvinza

Ng'ambo ya pili ya ziwa, pale mto Ruchugi unapoingia katika Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Ndipo Uvinza. Watu walichota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu hata yakakauka, wakafunga chumvi katika vifurushi vya majani. Wataalamu wawili, Sutton na Roberts, walichimba pale katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 wakaandika ya kuwa kazi hiyo imefanyika mahali hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi ya Uvinza ilipelekwa Ujiji, ikapakiwa katika mitumbwi, ikauzwa katika nchi zinazozunguka ziwa. Katika mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto Ruzizi watoka ziwani au waingia. Waliambiwa kwamba waingia, wakarudi na huzuni, maana walitumaini kuona chanzo cha Nili. Katika njia zao walikuta biashara ya watu wa ziwa imekwisha kuwako, na chumvi ya Uvinza ilikuwa moja ya bidhaa zake.

Wale wasioweza kununua chumvi ya chemchemi walichoma majani na matete ya vinamasini, wakachuja majivu yake kwa maji, wakapikia maji hayo. Kila mtu alipata ladha kwa njia yake.

Lakini kitu kimoja hakikuonekana kwa macho, wala ulimi haukuweza kukionja. Katika chumvi zile, nzuri kama zilivyokuwa, kitu kile kilikuwa kidogo sana. Jina lake ni iodini. Ndugu zetu wa Tanzania huiita pia madini joto, na jina hilo wameliandika katika pakiti zao za chumvi.

Kitu kidogo chenye kazi kubwa

Iodini iligunduliwa Ufaransa mwaka 1811 na mtu aitwaye Bernard Courtois, aliyekuwa akifanya kazi na majivu ya majani ya baharini. Alimimina asidi kali, akaona moshi wa rangi ya zambarau unapanda. Miaka tisa baadaye, mwaka 1820, daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, aliwapa iodini watu wenye rovu, akaona uvimbe wa shingo zao unapungua. Tena mwaka 1895 Mjerumani Baumann aliikuta iodini ndani ya tezi ya shingo yenyewe. Ndipo ilipoanza kufahamika sababu.

Sisi sote tuna tezi hii, mbele ya shingo, chini kidogo ya koo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kazi yake ni kuchukua iodini katika damu na kuitengenezea dawa ya mwili, ambayo huuamuru mwili wote: ukue kwa kadiri gani, utoe joto kiasi gani, moyo upige kwa mwendo gani, ubongo ujengwe jinsi gani. Iodini ikikosekana, tezi hujitahidi kukusanya kila chembe iliyopo. Hukua na kukua, kama mvuvi azidishaye nyavu kwa sababu samaki wamepungua. Uvimbe huo ndio rovu.

Na kiasi kinachotakiwa ni kidogo cha kustaajabisha. Chukueni gramu moja, mkaigawe mafungu milioni. Fungu moja laitwa maikrogramu. Mtu mzima ahitaji maikrogramu 150 za iodini kila siku. Ukihesabu siku zote za mtu aliyeishi miaka 60, jumla haifikii gramu nne, yaani haijazi kijiko kimoja cha chai. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Hapa haba hiyo ni ndogo kuliko haba zote, na kibaba chake ni akili ya mtu.

Kwa nini basi tuikose? Iodini yapenda maji. Mvua za miaka maelfu zimeiosha kutoka katika udongo wa milimani na kuipeleka baharini. Kwa hiyo samaki wa bahari wanayo nyingi, bali nchi za milima zilizo mbali na bahari zimebaki maskini. Na tusijidanganye kwa sababu ya ziwa letu: samaki wa maji baridi, ndagala na mikebuka pamoja, ni chakula chema sana cha kujenga mwili, lakini hawana iodini nyingi kama samaki wa bahari. Hata chumvi ya bahari, ikikaushwa tu pasipo kutiwa kitu, ina iodini kidogo mno.

Kisiwa cha Idjwi

Maji ya Ruzizi yanayopita Kamanyola, Luvungi na Sange hata kufika kwetu yatoka katika Ziwa Kivu. Na katikati ya Ziwa Kivu kiko kisiwa cha Idjwi. Kisiwa hicho kina sifa katika vitabu vya madaktari wa dunia nzima, na sifa hiyo ni ya rovu.

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti iitwayo IRSAC, na makao yake makubwa yakawa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Wazee wa Uvira wanaikumbuka taasisi hii, maana ilikuwa na kituo hapa kwetu pia, ambapo wataalamu walichunguza samaki na maji ya ziwa. Kituo hicho hata leo kingali kikifanya kazi kwa jina lingine. Lwiro walichunguza mengine, na mojawapo ni afya ya watu. Katika miaka ya 1960 madaktari François Delange, Claude Thilly na André Ermans waliipima Idjwi. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Lakini walipopima mkojo ili wajue kila upande wapata iodini kiasi gani, walishangaa: pande zote mbili zilipata kidogo, tena sawasawa.

Ikiwa upungufu ni ule ule, mbona marovu hayakulingana? Mwaka 1971 Delange na Ermans walitoa jibu: ni muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ndani yake. Ukilowekwa vizuri siku kadhaa na kuanikwa hata ukauke, sumu hiyo hutoka karibu yote. Ukitengenezwa kwa haraka, sehemu yabaki, na mwili huigeuza kuwa kitu kingine kinachoizuia tezi isishike iodini. Kwa hiyo mtu mwenye iodini kidogo, akila muhogo mwingi usiotengenezwa vema, ananyang'anywa hata ile kidogo aliyo nayo.

Tusielewe vibaya. Hakuna aliyesema tuache muhogo, nasi tungekula nini? Walichosema ni kwamba njaa na haraka ni washiriki wa ugonjwa. Siku za vita, watu wanapokimbia mashamba yao, muhogo hung'olewa leo na kuliwa kesho. Jambo hili sisi wa bonde la Ruzizi na wa Fizi hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Lililo baya kuliko uvimbe

Mpaka hapa tumesema habari ya shingo. Lakini kunena kweli, mtu aweza kuishi na rovu dogo miaka yote, akalima, akalea, akazeeka. Ubaya mkubwa haukuwa shingoni.

Mahali penye marovu mengi, daima palionekana pia watoto wengine waliozaliwa na shida: wafupi mno, wenye akili nzito, wengine viziwi na mabubu, wengine wenye miguu migumu isiyotembea sawasawa. Katika milima ya Ulaya, kama Uswisi, walikuwako maelfu ya watu wa namna hiyo, na watu wa huko waliwacheka au waliwaficha. Hapa Kongo, mwaka 1963, Dumont, Ermans na Bastenie waliandika juu ya watu kama hao katika nchi ya Uele, kaskazini-mashariki. Sababu ilishukiwa kwamba ni iodini, lakini nani aliweza kuthibitisha? Labda ni ukoo, labda ni umaskini tu.

Uthibitisho ulitoka mbali, katika milima ya Papua Guinea Mpya, bonde la mto Jimi. Kuanzia mwaka 1966 daktari Pharoah na wenzake waliwadunga watu wa jamaa fulani sindano ya mafuta yenye iodini, na wa jamaa nyingine wakadungwa sindano isiyo na iodini. Kisha wakangoja watoto wazaliwe. Mwaka 1971 walitangaza hesabu. Kati ya watoto 534 ambao mama zao hawakupata iodini, 26 walikuwa na ugonjwa ule. Kati ya watoto 498 ambao mama zao waliipata, walikuwa 7. Na katika hao 7, sita walikuwa tayari wametungwa mimba kabla mama zao hawajadungwa sindano.

Wasomaji wapenzi, hebu tusimame kidogo mbele ya hao sita. Mama zao walipata dawa, lakini dawa ilichelewa. Ndipo ilipojulikana ya kuwa saa ya hatari ni miezi ya mwanzo kabisa. Mtoto tumboni hawezi kutengeneza mwenyewe dawa ya tezi mpaka kama juma la kumi au la kumi na mbili, na hata baada ya hapo yake ni kidogo kwa muda mrefu. Katika majuma yale ya kwanza, ambapo mama mwingine hata hajatambua kwamba ana mimba, ubongo wa mtoto wajengwa kwa kukopa katika tezi ya mama. Mama asipokuwa na akiba, mtoto hana pa kukopa. Ndiyo sababu mama mwenye mimba, na yule anyonyeshaye pia, huambiwa apate maikrogramu 250 kwa siku, zaidi sana kuliko mtu mwingine.

Na hapa Kongo kwetu, katika nchi ya Ubangi, Thilly na wenzake katika miaka ya 1970 waliwapa mama wajawazito mafuta yale yale yenye iodini. Watoto wa mama hao walizaliwa na uzito zaidi, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Iodini haikuokoa akili tu, iliokoa uhai.

Nchi jirani ilijifunza. Tanzania, kuanzia mwaka 1986 hata katikati ya miaka ya 1990, iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zenye rovu nyingi. Mwaka 2009 wachunguzi waliandika kwamba watoto ambao mama zao walimeza vidonge hivyo waliendelea mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Wengine waliohesabu tena baadaye waliona faida hiyo kuwa ndogo kuliko ilivyosemwa. Mabishano ya namna hii ndiyo kazi ya wataalamu. Lakini kwamba mtoto ahitaji iodini ya mama yake, hilo hakuna anayelibisha.

Chumvi yafika, na kosa lafika nayo

Sindano na vidonge ni dawa za kupita. Dawa ya kudumu ilikwisha kujulikana tangu Uswisi ilipoanza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani mwaka 1924. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu tajiri na maskini huila wote, kila siku, karibu kwa kiasi kile kile. Mwaka 1990 wakuu wa nchi nyingi walikutana New York kwa ajili ya watoto wa dunia, wakaahidi kuuondoa upungufu wa iodini. Katika miaka iliyofuata chumvi yenye iodini ilienea katika nchi zetu.

Hapo Kivu ilipata somo lingine. Mwaka 1996 Bourdoux, Ermans na wenzao walitangaza kwamba huku Kivu baadhi ya watu, baada ya kuletewa chumvi yenye iodini, walipatwa na ugonjwa wa namna nyingine: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho jingi, kukonda ijapokuwa wala. Tezi za watu waliokaa na rovu miaka mingi zilikuwa zimezoea njaa. Shibe ilipokuja ghafula, tena kwa chumvi iliyotiwa iodini kupita kiasi, nyingine zilifanya kazi pasipo kizuizi. Watu wengine wakasema, “Tazameni, chumvi ya Wazungu yaua.” Sivyo. Kosa lilikuwa katika kipimo. Leo shauri la wataalamu ni miligramu 20 hata 40 za iodini katika kilo moja ya chumvi, na serikali yapaswa kuipima chumvi inapoingia mpakani. Kitu chema chataka kipimo, kama vile mvua.

Tusimlaumu mama

Sisi makatekista tunapozunguka vijijini twasikia mambo mengi. Mtoto akizaliwa mzito wa akili, au asiposikia wala kusema, maneno huanza upande wa wakwe. Husemwa kwamba mama alikanyaga mwiko, au alizini, au bibi mzaa baba amemroga mtoto. Ndoa huvunjika kwa maneno hayo. Mwanamke hurudishwa kwao, naye bibi mzee hufukuzwa katika nyumba aliyoijenga. Na mtoto mwenyewe hufichwa nyuma ya nyumba asionwe na wageni.

Si kila uziwi na si kila uzito wa akili watoka katika iodini. Ziko sababu nyingi: surua, homa ya uti wa mgongo, uzazi uliokawia, na nyingine. Lakini historia tuliyoieleza yatosha kuonyesha kwamba kwa muda wa vizazi vingi, kutoka milima ya Uswisi hata Idjwi, mama walibebeshwa lawama ya kitu kilichokosekana katika udongo. Wala hawakukosa wao, wala wakwe zao. Mwenye kumsingizia mama kwa jambo hili ashuhudia uongo, na amri tunaijua.

Tufanye nini basi

Kwanza, tununue chumvi iliyotiwa iodini, ambayo pakiti yake imeandikwa hivyo. Chumvi nyingi ya masoko yetu hutoka nje, ikaja kwa mashua na kwa malori, na si yote iliyopimwa. Ile inayouzwa kwa kikombe kutoka gunia lililofunguliwa, likakaa juani na katika unyevu, hupoteza iodini yake kidogo kidogo. Nyumbani tuiweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto, tena tuitie mwishoni mwa kupika.

Pili, tusiongeze chumvi ili tuongeze iodini. Chumvi nyingi hupandisha mgandamizo wa damu, na hilo ni hatari nyingine kwa mama mwenye mimba. Kijiko kimoja kidogo kwa siku, chumvi ikiwa njema, chamtosha mtu mzima. Mama mwenye mimba ahitaji zaidi ya hapo, basi kama anahitaji nyongeza, muuguzi au daktari ndiye atakayemwambia.

Tatu, tutengeneze muhogo kama mama zetu walivyotufundisha: kumenya, kuloweka siku tatu au nne, kuanika hata ukauke kabisa. Kazi hiyo si uvivu wala si kupoteza wakati. Ni ulinzi.

Nne, mama aende kliniki mapema, asingoje tumbo lionekane. Mwenye rovu, au aliyewahi kutibiwa tezi, aseme tangu siku ya kwanza. Wala mtu asinywe ile iodini ya vidonda inayouzwa katika chupa ndogo. Hiyo ni dawa ya ngozi, na ikinywewa ni sumu.

Tano, na jambo hili ni la wanaume. Katika nyumba nyingi mume ndiye atoaye fedha za soko. Pakiti ya chumvi njema yazidi bei ya chumvi ya gunia kwa fedha kidogo tu. Baba akiikataa tofauti hiyo ndogo, ajue ya kuwa amepunguza mahali ambapo mtoto wake hawezi kurudi kuchukua tena.

Watu wa zamani walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakapambana na dhoruba, kwa ajili ya kifurushi cha chumvi. Sisi twaipata sokoni Uvira kwa mwendo wa dakika chache. Tuulize tu, kabla ya kulipa: je, chumvi hii ina iodini?